Shada la Mstari wa D

Mimi sikununua kiti cha msimu ili nifundishwe uvumilivu. Nilikinunua ili nione besiboli. Miaka kumi na tisa nakaa Mstari wa D, kiti cha kumi na tatu, nyuma kabisa ya mdakaji, mahali ambapo mpira ukipiga glavu unausikia kifuani. Kwa hiyo nikisema timu yetu ya Korongo wa Gunsan imeharibiwa na watu wenye tai, siropoki. Nimeiona ikiharibiwa, tena kwa tikiti niliyolipia.

Msimu huu tumefungwa mara themanini na tisa. Ligi ina timu kumi, sisi ni wa kumi. Julai wakamuuza mrushaji wetu wa mkono wa kushoto, yeye pekee aliyekuwa akituletea ushindi. Novemba wakamleta mpigaji wa bei mbaya ambaye akiupata mpira anaupata kweli, lakini mbio hana, anajikokota kama mtu anayeenda kulipa faini. Kocha wakamfukuza, wa tatu katika miaka minne. Halafu, baada ya vikao vya wiki mbili na kahawa isiyo na idadi, wakabadilisha rangi ya kofia.

Yote hayo ningeyameza. Lililonikwama kooni ni la Noh Gwang-pil, mdakaji wetu, namba ishirini na saba. Ana miaka thelathini na minane, na kumi na sita kati ya hiyo amechuchumaa mbele yangu akidaka mipira ya watu wengine. Orodha ya wachezaji wa mwaka ujao ilipotoka, jina lake halikuwamo. Klabu ilikuwa na nafasi ya kuongeza majina mpaka Ijumaa ya pili ya Desemba. Ikipita hiyo, basi, kwa umri wake hakuna timu nyingine itakayomchukua. Aliyeiandika orodha ni meneja mkuu wa klabu, Pyo Seung-mo, mtu wa kompyuta na miwani, asiyewahi kuonekana akicheka. Nilitaka kitu kimoja tu kwake: Gwang-pil apewe mwaka mmoja, aage akiwa amevaa jezi.

Barua tuliandika, hazikujibiwa. Ikabaki njia ambayo kila shabiki kwetu anaijua: kuipelekea klabu shada la msiba. Lile refu, la ghorofa tatu za maua meupe, lenye tepe mbili zinazoning'inia mpaka chini. Likisimama mlangoni pa ofisi, wapita njia wanapiga picha, na wakubwa wanapita wameinamisha vichwa. Jumamosi nikampigia muuza maua. Utepe mmoja aandike, "Mstari wa D." Wa pili aandike, "Tunaomboleza akili za meneja mkuu, zilizofariki baada ya kuugua kwa muda mrefu." Maneno ni yangu, na sitaficha kwamba yalinifurahisha.

Jumatatu saa nane mchana nilikuwa saluni kwangu namviringisha nywele Mama Dong-ju, ambaye ndiye kiti cha kumi na mbili. Simu ikalia. Alikuwa dereva wa muuza maua.

"Mama Hyeon-a, shada limefika salama."

"Umelisimamisha mlangoni kabisa?"

"Pale ofisini hapana. Mlinzi kasema mashada yote ya leo yapelekwe hospitali, ukumbi wa misiba. Yapo kama thelathini. Letu linaonekana vizuri tu."

"Msiba wa nani?"

"Si wa baba yake meneja mkuu? Kafariki alfajiri. Mimi nikajua ndiyo maana mmetuma."

"Na utepe hukuusoma?"

"Mama, mimi dereva. Utepe unakuja umekunjwa. Nikifika naukunjua, nasepa."

Nilikata simu nikiwa na kibanio mdomoni. Mama Dong-ju alikuwa amesikia kila neno.

"Uwii! Tumemtukana mfiwa!"

"Hatukumtukana mfiwa. Tulimtukana meneja."

"Si mtu yule yule, jamani!"

Chuki ninayo, siikatai, lakini nimelelewa. Mtu aliyefiwa na baba yake hadhihakiwi, hata kama ameiharibu timu. Nikamwita Chil-seong, kiti cha kumi na moja, ambaye ana teksi. Akafika baada ya dakika nne. Mama Dong-ju akajifunga kitambaa cheusi juu ya vibanio na kupanda nyuma, dawa ya nywele ikinuka gari zima.

"Dada, tuelewane," Chil-seong alisema tulipofika hospitali. "Mimi nabaki hapa, injini inawaka. Wakianza kukufukuza, wewe kimbia tu, mlango uko wazi."

"Mimi je?" Mama Dong-ju akauliza.

"Wewe na vibanio hivyo utawafufua maiti. Kaa."

Nikaingia peke yangu. Mashada yalipangwa ukutani pande zote za korido, ya benki, ya chama cha wafanyabiashara, ya timu nyingine tisa. La kwetu walikuwa wameliweka karibu kabisa na mlango, kwa sababu lilikuwa kubwa. Mimi ndiye niliyetaka kubwa. Nikasimama mbele yake nikaanza kuuviringisha ule utepe haraka haraka, kama mwizi wa nguo kwenye kamba.

"Acha tu, mama. Nimeshausoma."

Nikageuka. Pyo Seung-mo alikuwa amesimama nyuma yangu na suti nyeusi, kitambaa cha mfiwa kimefungwa mkononi, macho mekundu nyuma ya miwani. Uwanjani nimempigia kelele miaka mitatu, lakini sikuwahi kumwona kwa karibu. Ni mtu mwembamba.

"Ni makosa," nikasema. "Lilikuwa la ofisini. Maneno ni yangu na nayasimamia, lakini hapa si mahali pake. Naomba radhi. Pole sana na msiba."

"Mstari wa D," akasema, akiusoma ule utepe mwingine. "Ingia umuage."

Nikaingia. Nikawasha ubani, nikainua uso kuitazama picha ya marehemu.

Alikuwa Mzee wetu. Kiti cha kumi na nne! Miaka tisa amekaa bega kwa bega nami, na mfuko wake wa machenza, akimenya moja baada ya jingine na kulipitisha mstari mzima. Tulimwita Mzee tu, hakuna aliyewahi kumuuliza jina. Tulipomtukana meneja mkuu, na tulimtukana kila wiki, yeye alikuwa akimenya machenza kimya. Mara moja tu, watu walipoimba kwamba meneja afukuzwe, alisema, "Huyo abaki. Ana akili, ila hasikii." Tukacheka. Miaka mitatu tumemtukania mtoto wake sikioni, naye anatulisha matunda.

Nikainama mara mbili mpaka paji la uso likagusa sakafu. Ya pili nilichelewa kuinuka.

Meneja aliniketisha penye meza ya wageni, wakaniletea supu ya nyama yenye pilipili, wali na sahani ya machenza. Meneja akakaa mbele yangu, magoti chini, kama mtu anayesubiri kukemewa.

"Ulikuwa unakaa naye," akasema.

"Bega kwa bega. Hakutuambia kwamba ni baba yako."

"Hata mimi hakuniambia kwamba anakuja uwanjani. Nilimpa kadi ya jukwaa la wageni wa heshima, akaiweka kabatini. Leo asubuhi nimeikuta tikiti yake ya Mstari wa D. Tangu orodha itoke hakunitajia timu hata mara moja. Nikimpigia simu ananiuliza kama nimekula, halafu anakata. Nikajua nimemuudhi. Alimpenda Gwang-pil kama mwanawe."

Nikaipuliza supu. Ilikuwa moto.

"Mama, wewe ulikuwa naye. Niambie ukweli. Alitaka Gwang-pil abaki, sivyo? Mpaka Ijumaa kalamu iko mkononi mwangu. Kama ndilo alilokuwa anataka, naliandika jina hapa hapa."

Nataka mnielewe. Lile nililolililia tangu Novemba lilikuwa mezani, pembeni ya bakuli la supu, na bei yake ilikuwa neno moja. Ningesema "ndiyo" tu. Nani angenibishia? Marehemu hasemi. Na mimi nikitaka kitu si mtu wa kurudi mikono mitupu, muulizeni marehemu mume wangu huko aliko.

Lakini nilikuwa naikumbuka mechi ya mwisho ya Oktoba. Gwang-pil alichelewa kuinuka na mkimbiaji wa wapinzani akaiba kituo cha pili, akakifikia kabla ya mpira, tena kwa kutembea. Sote tukamtetea. Mzee peke yake akatikisa kichwa akasema, "Magoti yamekwisha. Meneja akimwacha, atakuwa na haki. Inauma, lakini ana haki." Mstari mzima ukamgeukia. Mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote. Nilimwambia, "Mzee, kama umetumwa na klabu, rudi kwa waliokutuma." Akaninyooshea chenza lililomenywa. Sikulipokea. Mkono wake ulikaa pale mpaka mrushaji akarusha mara mbili, kisha akaurudisha. Hatukuonana tena.

Nikaweka kijiko chini.

"Hapana," nikasema. "Hakutaka abaki. Alisema magoti yamekwisha na kwamba una haki. Alisema mbele yetu sote, tukamzomea, mimi wa kwanza. Hakukukasirikia wewe. Sisi ndio tuliomnyamazisha."

"Rudia."

"Alisema una haki."

Akavua miwani, akaufunika uso kwa viganja vyote viwili, akalia kwa sauti kama watoto wanavyolia, bila kujali nani anamtazama. Wageni wa meza ya pili wakainamia bakuli zao. Nami nilikuwa nalia, kwa ajili ya Mzee, na kidogo, sitadanganya, kwa ajili ya Gwang-pil ambaye nilikuwa nimetoka kumpoteza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alipotulia alichukua chenza, akalimenya, akaninyooshea. Hili nililipokea. Nikalila lote.

"Sasa nisikilize, mwanangu," nikasema nikijifuta mikono. "Baba yako alikuwa mtu mwema kuliko sisi wote, na katika hili alikosea. Nawe umekosea. Magoti yamekwisha, sawa. Lakini yule kijana wenu wa miaka ishirini na miwili amepitwa na mipira kumi na tisa mwezi wa Agosti peke yake. Nimehesabu. Nani atamfundisha kuchuchumaa, kompyuta? Mweke Gwang-pil benchi, akae karibu naye, adake siku moja kwa wiki. Mwaka mmoja. Leo sikuombi kitu, leo ni siku ya baba yako. Lakini siachi."

"Najua hamwachi," akasema. Kwa mara ya kwanza mdomo wake ulisogea kama wa mtu aliyewahi kucheka. "Nilikuwa nawasikia mpaka juu ofisini."

Niliondoka na ule utepe ndani ya mkoba. Garini Mama Dong-ju alinitazama usoni, akanipa leso. Nilipowaambia picha ilikuwa ya nani, Chil-seong alizima injini, na tukakaa pale mpaka vioo vikafanya ukungu. Nywele za Mama Dong-ju ziliungua siku ile, na mpaka leo ananidai pole.

Jumatano walimzika. Tulikwenda sote watatu, tukasimama nyuma.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya mwisho, nikampigia tena muuza maua.

"Kubwa lile lile," nikamwambia. "Na safari hii lipelekwe ofisini, mlangoni, hata mlinzi akisema nini. Andika: Noh Gwang-pil apewe mwaka mmoja. Mstari wa D, kiti cha kumi na moja, cha kumi na mbili na cha kumi na tatu. Kiti cha kumi na nne alikataa."

Kalamu yake ikasimama, nikaisikia.

"Mama, huo mstari wa mwisho una uhakika nao? Unaharibu hoja yenu."

"Andika."

"Na huyo wa kiti cha kumi na nne, niweke jina lake?"

"Usiweke," nikasema. "Atakayeusoma analijua."