Hatua Arobaini

Kwa miaka tisa Mpiga Njiwa, kama walivyomwita pale kwenye kiwanda cha unga, alitumia bunduki ya upepo dhaifu mno, hata wapakia magunia wakamtania kwamba njiwa wake hufa kwa kicheko. Wacheke tu. Alinyata mpaka zikabaki hatua kumi, akaishika bunduki kama mtu aliyebeba yai, na njiwa akadondoka bila kupapatika. Hakuwahi kujeruhi hata mmoja, na ndiyo maana kazi ilikuwa yake, kwani njiwa aliyejeruhiwa huenda kufia ndani ya mitambo, na unga wote wa siku hiyo hutupwa.

Wiki tatu baada ya kumzika mkewe, alinunua bunduki yenye nguvu maradufu. Muuzaji alimwapia kwamba hatua arobaini ni mchezo. Huo ulikuwa nusu ya ukweli. Risasi ilifika, lakini springi iliirusha bunduki kabla risasi haijatoka kwenye mtutu, na kadiri alivyoikaba isiruke ndivyo risasi zilivyokwenda arijojo. Moja ilitoboa bati la paa. Nyingine ilipenya bawa la njiwa ikatokea upande wa pili, na ndege akajikokota mpaka kwenye boriti ya juu. Mpiga Njiwa alitazama matone ya damu sakafuni, asihisi lolote. Tangu mazishi alikuwa kama mkono uliolaliwa ukafa ganzi.

Meneja akamwambia, kwa ule upole wake wa kutisha, kwamba njiwa huyo akifia mitamboni, kesho asije. Akajibu sawa. Hata angeambiwa ghala linaungua, angejibu sawa.

Mdogo wa marehemu alishona magunia kwa sindano ya mkono humo humo kiwandani. Mashine zilipozimwa mchana, aliitoa bunduki ya zamani kabatini akamwekea mapajani.

"Nenda karibu, shemeji."

"Hii mpya inafika mbali."

"Ndiyo maana umeinunua." Akaokota sindano yake. "Hata dada ulimtazama kutoka mlangoni. Siku kumi na moja, hukuingia wodini. Mwisho macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. Akawa ananiuliza, yule aliyesimama pale ni nani."

 Mpiga Njiwa alichukua bunduki dhaifu, akapanda ngazi ya chuma. Njiwa alikuwa kwenye kona ya boriti, bawa limelala, hana nguvu ya kuruka. Zilipobaki hatua kumi, angeweza kupiga. Hakupiga. Alisogea mpaka akaliona jicho lenyewe, na kifua kidogo kikipanda na kushuka upesi upesi. Vidole vyake vikaikaba bunduki. Aliogopa, kama alivyoogopa siku zote zile kumi na moja.

"Ni mimi," akasema, na shemeji yake akamsikia kule chini, akaacha kushona.

Kisha akalegeza vidole, akapiga.