Harufu ya Chupa ya Tatu

Chupa tatu za mvinyo mwekundu kutoka Hispania zilisimama mezani, na Mama Jovita alikuwa ameshaipenda ya tatu. Jumamosi kundi la madaktari Wahispania lingekuja kula kwenye hoteli yake hapo Bagara, na hakutaka aibu ya kuwapa mvinyo mbaya wa kwao wenyewe.

"Huu una harufu ya sakristia," alisema, akiinusa glasi kwa heshima kama mtu aliyeingia kanisani. "Ni mvinyo wa watu wazima."

"Miaka mitatu kwenye pipa, Mama," alisema Sosthenes, wakala aliyeuleta kutoka Arusha. "Nikuandikie katoni sita?"

"Andika."

Paskalina, msichana wa kuosha vyombo, alikuwa amesimama kando na sinia, akikusanya glasi zilizotumika. Alipoinamia ile ya chupa ya tatu, harufu ikampanda puani, akaganda. Aliijua. Nyumbani kwao Singe, kabla mahindi hayajapelekwa mashineni, mama yake huzamisha mkono hadi katikati ya gunia, akachota konzi moja, akaipulizia pumzi ya moto na kuinusa. Harufu hii ikitoka, gunia zima haliliwi, hata kuku hawapewi. Alimfundisha hivyo mwaka ule Paskalina alipoacha shule, darasa la tano.

Akanusa tena. Labda Wazungu wanaipenda. Labda pipa ndivyo linavyonuka. Na nani alimuuliza? Miezi minane alikuwa hapo, na maneno yake yalikuwa "shikamoo" na "ndiyo, Mama", basi. Lakini Sosthenes alikuwa ameshatoa kalamu.

"Mama, samahani. Huu unanuka ukungu."

"Unanuka nini?"

"Ukungu. Kama mahindi yaliyolala kwenye unyevu."

Sosthenes akacheka. "Dada, wewe umekunywa mvinyo mara ngapi?"

"Sijawahi."

"Mama Jovita, kumbe jikoni umetufichia profesa!"

Uso wa Paskalina uliwaka moto. Mlango wa jikoni ulikuwa hatua nne tu. Hakwenda.

"Fungua nyingine ya aina hii hii, kaka. Ikinuka hivi, nimekosea mimi."

Sosthenes akafungua, bado anatabasamu. Akanusa glasi mpya, akairudia ile ya zamani, na tabasamu likaisha.

"Ni kizibo," alisema polepole. "Kizibo kibaya huharibu chupa moja moja. Sikuinusa kabla ya kumimina. Kosa langu, Mama."

Mama Jovita akainusa glasi mpya, kisha ile ya zamani. Paskalina akatazama sakafu. Kumbe kuwa sahihi mbele ya bosi nako kunatisha.

"Haya," Mama Jovita alisema mwishowe, akicheka kidogo. "Sakristia yangu imeota ukungu. Weka hilo sinia, uje uonje zote. Na usijifanye mtakatifu."

Wa kwanza ulimkausha ulimi kama ndizi mbichi. Wa pili ulipita tu, haukuacha kitu. Ule uliofunguliwa upya ulikuwa na harufu ya matunda yaliyoiva na moshi kwa mbali, na alipoumeza ladha haikuondoka. Alisubiri hadi iishe ndipo akasema.

"Huu, Mama. Lakini kila chupa inuswe kabla haijafika mezani."

"Na nani?"

Paskalina aliweka glasi mezani.

"Na mimi."

Mama Jovita alimpima kwa macho kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Basi Jumamosi tafuta viatu," alisema.