Eda ya Barafu

Bibi Marzia alikuwa juu ya paa akianika aprikoti chache za mwaka huo, pale barafu alipoingia kwa lango la ng'ombe.

Alikuwa barafu jike, yuleyule ambaye wanaume wa kijiji hiki cha chini walimbeba mgongoni, kimya, pasipo kumtua, wakampandisha mlimani kuozwa kwa barafu dume wa kijiji cha juu. Sheikh Mukhtar aliwasomea hutuba ya ndoa. Bonde zima likaafikiana: miti ya mireteni inayowatilia kivuli isikatwe, mbuzi wasilishwe mteremkoni, na maji ya wanandoa hao yagawiwe kwa zamu, juu na chini.

Sasa alikuwa amerudi kwao peke yake, vumbi tupu.

"Mumeo yu wapi?" Bibi Marzia akamwuliza.

Barafu akadondosha tone moja.

"Si ameyeyuka, mama," akasema Fizza, mke wa mwanawe. "Kacho Sarfaraz kaikata mireteni yote kujengea nyumba yake ya wageni. Tumweke huyu bustanini. Miti inakufa kwa kiu."

"Ayeyuke kwa kutulilia sisi, na aliyemfanya mjane alale usingizi? Thubutu!" Bibi Marzia akateremka, akampangusa barafu vumbi kwa ushungi wake. "Mwanangu, una eda wewe. Nenda ukaikalie kwa Kacho. Ndani, usikubali uani."

Barafu akapanda njia ya kijiji cha juu. Jioni akaingia sebuleni kwa Kacho, akaketi katikati ya zulia. Kacho, mkuu wa kijiji hicho, akasogeza mito kumpisha.

Tangu siku hiyo chai ya chumvi iliganda vikombeni kabla ya kufika mdomoni. Wageni wakafungasha. Maji ya udhu yakawa jiwe ndani ya birika, na Kacho, aliyewakaushia watu mfereji, akawa anatayamamu kwa vumbi la barabarani kila sala, ilhali nyumba yake imejaa maji. Sheikh Mukhtar alipoitwa amtoe mjane, alifungua vitabu vyake, akatamka kwamba mwenye eda hatolewi nyumbani, na kwamba muda wa eda ya barafu hakuuona popote.

Kacho akashuka mwenyewe, masharubu yamemganda.

"Dada Marzia, mwambie mwanao atoke."

"Panda mireteni."

"Mireteni! Itatoa kivuli mimi nikiwa kaburini."

"Utakihitaji huko. Basi waondoe mbuzi wako mteremkoni."

"Na wageni wangu wale nini?"

"Wageni gani tena, Kacho?"

"Watarudi," akasema Kacho, akajipandia zake.

Mbuzi wakaendelea kung'oa kila mche uliochomoza baina ya visiki. Barafu hakutoa tone. Majani yalipopukutika, mwaprikoti wa mwisho wa Bibi Marzia ulikuwa umekauka hadi mizizi. Fizza akaukata, akakoka moto jikoni, nao ukawaka vizuri, kwa kuwa haukuwa na unyevu wowote.

Kacho akauona moshi. Akaja kuota moto, akasimama nje ya kizingiti, mikono kwapani, akatoa salamu. Bibi Marzia akamwitikia kwa ukamilifu, rehema na baraka pia, kama ilivyo wajibu. Kisha akamwambia Fizza afunge mlango, kwani baridi ilikuwa inaingia.