Kifaru Ndani ya Majivu

Pilipili alikuwa amebakiwa na kosa moja tu kabla ya kurudishwa nyumbani wiki mbili, na nyumbani kulikuwa na mama asiyehitaji ushahidi. Asubuhi hiyo, kwa utulivu wa mtu anayetimiza wajibu, akalitumia. Kwenye sinia la majivu laini ambalo Mwalimu wa Fizikia alikuwa ameliandaa liwe uso wa mwezi, alichora kwa kidole kifaru mwenye miwani na hereni. Shule nzima ilijua kifaru ni nani.

Kabla hajafuta, mlango ukafunguka. Mkuu wa shule akaingia na miwani na hereni zake, mwalimu nyuma. Mapazia yakashushwa.

"Nani atashika tochi?" mwalimu akauliza.

"Mimi, Mwalimu!"

Darasani aliwahi kusikia jambo moja la maana: mwanga ukitokea palepale jicho lilipo, kila chembe hukikalia kivuli chake, kisionekane. Akaibandika tochi kando ya sikio la Mkuu. Majivu yakang'aa, meupe pee, bila kifaru.

Mkuu akainama kushoto, tochi ikainama. Akanyoosha shingo, tochi nayo.

"Mwanangu, mbona unanifuata kama inzi?"

"Ni heshima tu, Mama."

"Mama, umeona mng'ao huo?" mwalimu akadakia. "Chembe zimeficha vivuli. Mwezi mpevu nao hung'aa ghafla hivyo hivyo, jua likiwa nyuma yetu. Ndivyo tunavyojua kwamba hata visayari visivyo na hewa, ambavyo hakuna aliyevikanyaga, vimefunikwa vumbi tifutifu."

"Mimi naona sinia jeupe. Nionyesheni hivyo vivuli, la sivyo darubini msahau."

Darubini hiyo mwalimu alikuwa ameiomba kwa miaka mitatu. Leo alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya kola.

"Binti, ishushe tochi ubavuni."

"Labda betri, Mwalimu..."

"Ishushe."

Angeweza kuiangusha, vidole vilishaanza kulegea. Akaitazama ile kola. Akaishusha.

Ikatokea pembe. Kisha miwani. Kisha hereni, zote mbili. Mwalimu akafumba macho. Mkuu akainama hadi pua ikakaribia majivu.

"Vivuli nimeviona," alisema hatimaye. "Darubini mtapata. Na wewe, mchoraji, kafungashe."

Pilipili akasita mlangoni. "Wiki mbili, Mama?"

"Moja. Nilikuona unataka kuidondosha ile tochi, ukaghairi."

Akaenda kufungasha, akiufanyia mazoezi uso wa majuto kwa ajili ya mama yake. Ulikuwa bado unacheka.