Mwalimu wa Kipemba

Mwanaasha binti Shaame, mzaliwa wa Kiuyu, Pemba, alikuwa mwalimu wa sekondari kabla hajachukuliwa na chuo kimoja cha Ufini kufundisha Kiswahili. Mwaka wa pili mkuu wa idara akamuomba aanzishe somo la Kipemba. Mwanzo alicheka, lugha ya kwao kuwa somo! Halafu kazi ile ikamwingia damuni. Wanafunzi walikuwa wawili, mwaka mwingine watatu, lakini aliyehitimu kwake angeweza kuingia kijiji cha Shumba kule Pemba akaamkiana na vikongwe wasimshangae ila kwa rangi yake.

Msellem, Muunguja aliyefundisha Kiswahili cha kawaida pale pale, alimuonya.

"Toka humo, dada yangu. Mie nikiachishwa hapa, Ujerumani watanichukua. Wewe na Kipemba chako nani atakutaka? Basi angalau soma, uongeze shahada."

"Nikienda kusoma, wanafunzi wangu nimwachie nani?" alijibu.

Miaka kumi na minne baadaye somo likafungwa. Aliambiwa ukumbini, wenzake wakipita na vikombe vya kahawa. Msellem akapata chuo Ujerumani; Mwanaasha akarudi Kiuyu. Skuli alizobisha hodi zilimpokea kwa heshima na kumtoa kwa heshima. Mwalimu mkuu mmoja alimwambia wazi: "Mitaala ishabadilika, Bi Mwanaasha, na wewe miaka yote hiyo ulikuwa na lahaja. Mimi nina watoto wa mtihani."

Ndipo ikasikika kwamba mradi wa kamusi ya Kipemba unafunguliwa Chake Chake, unatafuta mhariri. Dada yake, Mize, alipiga kigelegele hata majirani wakatoka. "Kazi hii Mungu kakuandikia wewe!"

Siku ya usaili Mwanaasha aliingia chumbani, akatoa salamu, akainua uso. Kiti cha kati alikaa Aino, mwanafunzi wake wa zamani, Mfini ambaye Mwanaasha mwenyewe alimfundisha kutamka neno la kwanza la Kipemba.

"Shikamoo, mwalimu," Aino alisema, uso umemwiva.

Mwanaasha alivuta kiti, akakaa.

Bwana mmoja wa kando akauliza, "Bi Mwanaasha, una shahada ya uzamivu?"

"Sina."

"Mhariri lazima awe nayo. Ila tunahitaji wasemaji wa lugha. Utazungumza, sisi tutakurekodi."

Alimtazama Aino. Aino aliinamia meza. Uzamivu wake ulikuwa wa Kipemba, na kila sura ya tasnifu ile waliipitia pamoja jikoni kwa Mwanaasha, theluji ikianguka nje.

Hakujua alitokaje. Alijikuta amekaa kwenye baraza ya nje. Aino akamfuata, akakaa sakafuni karibu naye.

"Masharti wameyaweka wafadhili. Nimegombana nao, mwalimu. Sikuweza."

"Ulijua nakuja?"

"Nilijua."

"Na simu yangu unayo."

Aino akaanza kulia. Mwanaasha alitaka kumkemea, akashindwa; alimpenda msichana yule. Hilo ndilo lililomuuma kupita yote.

"Nenda kafanye kazi," alimwambia mwishowe. "Kamusi iandikwe. Lakini mie usinirekodi."

Mize alipopewa habari alikaa kitako akashika kichwa. "Mwanafunzi wako? Wako mwenyewe?" Aliuliza hivyo mpaka Mwanaasha akamwomba anyamaze.

Mwaka uliofuata Mwanaasha alirudi chuo cha ualimu, akakaa darasani na vijana waliomwita mama, akapata kibali cha kufundisha kidato cha kwanza. Wiki ya kwanza alisahihisha insha za Kiswahili sanifu. Mtoto mmoja alikuwa ameandika "ntu" badala ya "mtu", kama wasemavyo kwao. Mwanaasha alilizungushia neno hilo kalamu nyekundu, kisha akalitazama lile duara kwa mshangao, kana kwamba mkono uliolichora si wake.