Darubini Nyembamba ya Ludara

Ukuta wa jiko la Shamira ulikuwa na alama za mkaa za miaka mitatu. Kila mwezi ulipokuwa unakaribia kuandama, jua likishazama nyuma ya vilima vya Kongo, aliacha alichokuwa akipika, akasimama kando ya jiwe la kusagia lililopasuka na kuangalia magharibi mpaka macho yake yazoee. Akiuona mwezi, mwembamba kama ukucha uliokatwa, umelala chali na pembe zake juu, alirudi ndani na kuchora mahali ulipotokea, karibu au mbali na pengo la kilima. Shule aliiacha alipomaliza darasa la saba, lakini ukuta ule aliujua kuliko daftari lolote alilowahi kushika.

Mwaka uliopita, jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, aliuona mwezi peke yake. Wazee wa msikiti wa kijiji cha Ludara walikodoa macho kwenye vumbi na moshi wa majani yaliyochomwa, wasione kitu. Sheikh Latifu alimwambia kwa upole, "Mwezi ya kufungulia inataka wanaume wawili, binti yangu." Wakafunga siku ya thelathini huku vijiji vya jirani vikila Idi. Watu walicheka mwaka mzima, na cha ajabu ni kwamba aliyechekwa zaidi ni Shamira, eti aliota mwezi.

Kwa hiyo alipopeleka simsim, ule ufuta wa shambani, kuuza mjini Arua na kuona darubini mbili zikiuzwa pale, alirudi na neno moja. Kama macho ya wazee yamechoka, yatafutiwe macho mengine. Sheikh Latifu alilipenda. Akasimama mbele ya watu wote baada ya sala ya Ijumaa, akasema wazi, "Wazee wawili wakiona na darubini kile Shamira anaona na macho, kuanzia siku hiyo Shamira akisema mwezi iko, tutamsikiliza."

Usiku ule Shamira hakulala upesi. Hakutaka pesa wala sifa. Alitaka tu siku moja aseme "ule pale," na mtu ageuze shingo.

Watu wakachanga. Aliyetumwa kununua ni baba yake mdogo, Mzee Sule, kwa sababu aliwahi kuwa mwanajeshi na alisema darubini alizishika zamani. Shamira alitumwa kubeba.

Duka lilikuwa la Dumo, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyefanya biashara ya vitu vilivyoachwa na mashirika yaliyofunga ofisi: viti vya kuzunguka, makabati ya chuma, majenereta. Darubini zilikuwa zimesimama katikati ya makabati. Moja ilikuwa ndefu na nyembamba, nyeupe, juu ya miguu mitatu ya chuma chepesi, na boksi lake lenye picha ya sayari za rangi rangi. Nyingine ilikuwa bomba fupi, jeusi, nene kama ndoo, na kioo chini kabisa ndani yake, limekaa juu ya sahani ya mbao.

"Karibu mzee, karibu mama," Dumo alisema. "Bei ni moja, wewe chagua tu. Lakini hii ndefu ni ya wakubwa. Inakuza mara mia tano na ishirini na tano. Soma, iko kwa boksi."

"Na hii fupi?" Shamira aliuliza.

"Hiyo haina hata boksi."

"Tujaribu zote mbili. Tuangalie ule mnara ya simu kule, upande ya Onduparaka."

Kwenye ile ndefu, mnara ulikuwa giza na uliruka ruka kama mtu mwenye homa. Dumo alipopiga hatua moja tu, ulipotea kabisa. Shamira alingoja. Akaomba ile fupi iwekwe juu ya pipa, akainama, akaisogeza polepole. Mnara ukaingia, umepinduliwa kichwa chini, lakini umetulia. Juu yake alikuwepo kunguru anajichokoa bawa. Shamira alimwangalia mpaka alipoingiwa na haya, kana kwamba anachungulia chumba cha mtu.

"Baba mdogo, hii ndiyo yenyewe. Njoo uone kunguru."

"Nilikuja kuona kunguru?"

"Mdomo yake ni mpana, inaingiza mwanga mingi. Mvua ikinyesha unakinga na beseni au na kikombe? Mwezi mpya iko ndogo, iko dhaifu. Haitaki kukuzwa sana. Inataka mwanga, na chombo ambayo haitetemeki."

Sule alicheka, akamgeukia Dumo. "Unasikia? Darasa la saba hiyo inazungumza."

Hata hivyo alilizunguka lile bomba fupi. Aligonga ubavu wake, likalia. Akachungulia mdomoni. Shamira aliona uso wake unabadilika, ukawa uso aliokuwa nao kila gari la jeshi lilipopita barabarani.

"Hii ni mota," alisema kwa sauti ya chini.

"Mota gani, baba mdogo?"

"Ya vita, ya kurusha mabomu. Mimi nilibeba hii kitu na bega. Bomba fupi, nene, mdomo juu, na sahani yake chini. Sasa nifunge hii na mkeka, nipande nayo gari ya Koboko ya kurudi nyumbani, karibu na mpaka ya nchi mbili? Askari anasimamisha: mzee, mzinga hii unapelekea nani? Na atauliza pia mimi nilikuwa jeshi gani zamani. Nitasema nini?"

"Sema ni ya kuangalia mwezi."

"Ndiyo, watu ya mizinga wote wanasema hivyo."

Dumo alishika kiuno akacheka. "Mzee, mimi nilikimbia mota kutoka Yei mpaka hapa. Ingekuwa mota, ningekuwa nimeshakimbia tena."

"Wewe uliisikia. Mimi niliibeba." Sule alikwisha kulikumbatia boksi lenye picha za sayari. "Na hii iko na mia tano na ishirini na tano. Hiyo ingine iko na ngapi? Sifuri."

Shamira alisema, "Baba mdogo, tafadhali." Pesa ilikuwa mfukoni mwa Sule, na msikiti ulimtuma Sule.

Walifika kwenye kizuizi cha askari jua likiwa kali. Askari kijana alifungua boksi, akaitoa ile darubini, akailenga kwenye kilima, akafinya jicho.

"Mzee, mbona sioni kitu?"

"Ni ya msikiti. Ya kuangalia mwezi."

"Ah! Mtoto wangu iko na moja kama hii, mjomba wake alimletea na peremende." Alimrudishia. "Nilifikiri mnaleta kitu. Juzi mutu alipita hapa na pampu ya maji, nene hivi, kama mzinga kabisa. Tulimsaidia hata kuifunga vizuri. Haya, piteni, mtuonee mwezi."

Gari likaondoka. Sule aliangalia mbele. Shamira aliangalia mikono yake.

Siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani mvua ilinyesha alasiri, mvua fupi ya kwanza, ikaosha vumbi lote angani. Ilikuwa jioni safi kuliko zote alizowahi kuchora ukutani. Watu walijaa uwanja wa msikiti. Na hapo ndipo Shamira alipogundua jambo ambalo hakulifikiria alipokuwa akiomba darubini. Zamani vijana walikuwa wakiangalia mbinguni, hata kama hawakujua pa kuangalia. Sasa hakuna aliyeinua macho. Wote waliangalia mgongo wa Mzee Sule, wakingoja zamu yao.

Aliuona mapema, juu ya pengo la kilima, kwa upana wa vidole viwili. Uzi mweupe tu.

"Ule pale," alisema.

Hakuna aliyegeuza shingo.

"Sule, elekeza kule anasema," Sheikh Latifu aliamuru.

Katika vioo vya kuchungulia vilivyokuja na boksi, Sule alikuwa ameweka kidogo kuliko vyote, chenye nguvu zaidi. Upepo uligusa ile miguu ya chuma, darubini ikatikisika kama kuku aliyelowa.

"Baba mdogo, weka kwanza ile kioo dhaifu. Ukipata mwezi, ndiyo uongeze."

"Tununue mia tano na ishirini na tano halafu tutumie dhaifu?" Watu wakacheka. Alizungusha, akapita mwezi, akarudi, akaupita tena. Mzee Ayiko, jirani yao asiyeukosa mkusanyiko wowote, aliinamishwa achungulie.

"Unaona nini, mzee?"

"Naona kope yangu."

Wakacheka tena. Shamira hakucheka. Alikuwa akiuangalia mwezi unashuka mpaka kidole kimoja, halafu nusu, halafu ukagusa kilima na kuzama. Ulikaa angani muda wa kuchemsha chai.

"Mimi niliona," alisema.

"Chombo haikuona," Sule alijibu.

Sheikh Latifu akatangaza kwamba Ludara itakamilisha thelathini.

Watu walipotawanyika, sheikh alimfuata Shamira mpaka kwenye njia ya kisimani. "Sikiliza, binti yangu. Mutu aliyeona mwezi na macho yake hafungi siku ya Idi. Kesho wewe kula. Lakini jifiche, usivunje watu moyo."

"Kumbe unaniamini?"

"Nakuamini."

"Basi waambie."

Sheikh alikunja ncha ya kanzu yake, akaikunjua. "Darubini ni ya msikiti. Watu walichanga. Nikisema leo kwamba haifai, nitasema nini juu ya waliochanga?"

Siku iliyofuata, ndugu wa Arua walipiga simu mchana, wakisikika wanatafuna, wakiuliza Ludara imechinja nini. Shamira alichukua kipande cha muhogo baridi, akaenda nyuma ya jiko na kuchuchumaa katikati ya ukuta na rundo la kuni. Hiyo ndiyo ilikuwa Idi yake. Alitafuna polepole ili asisikike, kana kwamba muhogo ule ameuiba.

"Heeh! Shamira!" Alikuwa Rashida, mke wa Sule, mikono kiunoni. "Mchana! Siku ya mwisho! Siku ishirini na tisa umeweza, moja imekushinda?"

"Mama mdogo, mimi niliona mwezi."

"Uliona muhogo! Sheikh! Sheikh Latifu, njoo uone huyu anayetuonyeshea mwezi!"

Sheikh Latifu alikuwa anapita barabarani. Alisimama. Aliuona muhogo, akamwona Shamira, na Shamira alimtazama machoni, akingoja kama alivyozoea kungoja, bila kupepesa.

"Mungu atusamehe sote," sheikh alisema, akaendelea na safari yake.

Kufikia alasiri, Ludara nzima ilijua kwamba Shamira anakula mchana, na kwamba msichana wa namna hiyo haoni mwezi wa mtu. Hakuna aliyemuuliza.

Jioni, wanawake walikuwa wakisiriba nyumba kwa ajili ya Idi. Shamira alichanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe kwenye beseni, akaanza na ukuta wa jiko. Mwezi ulitoka juu sana, mnene, unang'aa hata kabla ya giza. Kila aliyeuona alijua kwamba huo haukuandama leo. Vigelegele vilipigwa kwanza, kisha vikafifia, watu wakaanza kutazamana.

Ndipo Sule akatoka na darubini. Safari hii aliweka kile kioo dhaifu, wala hakumwambia mtu. Mwezi mkubwa namna ile hata yeye hakuweza kuukosa.

"Nimepata! Njooni! Iko na mashimo mashimo! Si niliwaambia chombo ni nzuri?"

Wakakimbia. Mzee Ayiko alichungulia, akamshika Sule mkono akamshukuru. Watoto walipigania zamu, wazee wakamwombea Sule dua. Yale mashaka yaliyokuwa yameanza kuzunguka yakaisha hapo hapo.

"Shamira!" Sheikh Latifu aliita, kwa sauti laini ya mtu anayetaka kulipa kitu bila kukitaja. "Wewe ndiye ulitafuta hii chombo. Njoo na wewe uone."

Shamira alichota udongo kwa mikono miwili, akaupaka juu ya alama za mwaka wa kwanza, akaipitisha mikono mpaka za mwaka wa pili, mpaka za wa tatu, mpaka ile ya jana iliyokuwa bado mpya.

"Mimi niliona jana," alijibu, bila kugeuka.