Mzingo wa Jimbo la Saba

Wanafunzi wa hisabati walimpachika jina la Mama Duara, na yeye mwenyewe alilipenda kuliko uprofesa, ingawa alijitia kukunja uso kila aliposikia likinong'onwa koridoni. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifundisha jiometri katika ukumbi ule ule wenye ubao uliopasuka pembeni, na bado kila alipochora duara kwa mkono mtupu alirudi nyuma hatua mbili kulitazama, akatabasamu peke yake.

Mwaka huo duara lake lilimwingiza kwenye siasa. Tume ilikuwa imegawa upya majimbo ya uchaguzi, kumi na mawili kwa jumla, naye akajitolea kuyapima. Kipimo chake kilikuwa chepesi: unachukua eneo la jimbo, unalilinganisha na mzingo wake, yaani urefu wa mpaka wote. Duara kamili linapata moja. Umbo likianza kujipindapinda, kunyoosha mkono huku na mguu kule likitafuta wapiga kura wa kuokoteza, alama zinaporomoka. Majimbo kumi na moja yalipata alama za kuridhisha. Jimbo la Saba likapata sifuri nukta moja moja. Mama Duara alishika kalamu hasira zikiwa bado za moto, akaandika gazetini kwamba aliyechora mpaka ule alikuwa na lake jambo.

Aliyeuchora alikuwa mchoraji ramani wa tume, mzee mwembamba aliyejulikana kama Mzee Rula, aliyebakiza miezi miwili astaafu. Gazeti halikumtaja, lakini mji mzima ulijua ramani za tume huchorwa na nani. Ndani ya wiki mbili akawa mwizi wa kura, yeye ambaye hajawahi kurudi nyumbani hata na penseli ya ofisi. Ilibaki kikao cha hadhara tu. Profesa angesoma ripoti yake mbele ya tume saa nane mchana, na baada ya hapo jina la mzee yule lingekuwa limekwisha.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo Mama Duara alikuwa na kipindi. Akaamua wanafunzi waupime mpaka wa Jimbo la Saba kwa mikono yao, kwa uzi na rula, wajionee ulivyo. Nyuzi aliziomba kwa mdogo wake, fundi cherehani, kisha akaziacha juu ya meza nyumbani, kama kawaida yake. Basi mdogo mtu akazileta mwenyewe katikati ya kipindi, mfuko mkononi na tepu ya kupimia shingoni.

"Profesa mzima, kubeba mfuko kunakushinda," alisema mlangoni, na darasa likaangua kicheko.

Kila kundi lilipewa ramani na uzi. Kundi la mbele likapata sentimita tisini na nne. Kundi la nyuma likapata hamsini na nne. Ramani zilikuwa zimechapwa kwa mashine moja, zikalingana hadi ukingoni.

"Nyie kule nyuma, mmepima jimbo au mmepima usingizi?" aliuliza Mama Duara.

"Tumerudia mara tatu, mwalimu," alijitetea msichana mmoja mrefu, akiinua uzi wake juu. Ulikuwa wa sufu, mnene, wa rangi ya chungwa. "Inatoka ile ile."

Mama Duara akaenda mwenyewe, akainama, akaulaza uzi wa sufu juu ya mpaka taratibu. Hamsini na nne. Akauchukua uzi wa kushonea wa kundi la mbele. Tisini na nne. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Mbona liko wazi, dada," alisema mdogo wake, ambaye hakuwa ameombwa kusema chochote. "Huu mnene hauingii kwenye kona. Angalia hapa kwenye mto. Mwembamba unafuata kila kijikona, mnene unapita juu juu. Ukipima ukingo wa lesi kwa sufu, nguo itakupungukia na mteja atakutukana."

Darasa lilicheka tena, lakini Mama Duara alikuwa ameinamia ramani. Upande mmoja mzima wa Jimbo la Saba ulikuwa mto, na hakuna jimbo jingine lililopakana nao. Na mto huo, sasa alikumbuka, aliuingiza kwenye kompyuta kutoka ramani ya idara ya maji, iliyoandika kila kona hadi zile zinazojulikana na bata peke yao. Mipaka mingine yote aliichukua kwenye ramani ya barabara, iliyochorwa kwa mistari mikubwa mikubwa. Kumbe majimbo kumi na moja aliyapima kwa sufu, na hili moja kwa uzi wa kushonea! Na jambo hilo, kwamba urefu wa mpaka hutegemea udogo wa kipimo, alilifundisha kila mwaka, wiki ya tatu, na swali lake halikukosekana kwenye mtihani.

Akajiketisha juu ya meza. Kwanza alicheka, akacheka hadi machozi, na wanafunzi wakacheka naye bila kujua wanacheka nini. Kisha akamkumbuka Mzee Rula, kicheko kikamkatika. Aliona aibu, ile ya kuchoma masikio. Akasimama, akapiga hesabu upya ubaoni kwa urefu wa sufu. Sifuri nukta tatu tatu, sawasawa na majimbo mengine.

"Nitawaambia data zimeboreshwa," alimwambia mdogo wake mchana, wakipanda ngazi za ukumbi wa tume.

"Zimeboreshwa, au ulikosea?"

"Ni namna ya kusema tu."

"Mimi nikimkatia mtu shati vibaya, simwambii limeboreshwa."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mzee Rula alikaa safu ya mbele, koti limenyooshwa pasi, mikono magotini, macho sakafuni. Mama Duara alipomwona vile, maneno yote aliyoyapanga yalimtoka kichwani, yakabaki machache.

"Nilikosea," alisema. Akaeleza habari ya uzi, kwa kifupi, na watu wachache wakaelewa. "Mpaka ule umefuata mto, na mto ndio uliojipinda. Mchoraji hakupindisha kitu. Niliyoandika gazetini si kweli, na gazeti lile lile nitaliandikia kesho."

Mwenyekiti aligonga meza, akasema imeingia kwenye kumbukumbu, tuendelee. Mzee Rula akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwenyekiti. Naomba arudie. Mke wangu amekaa nyuma, na hicho kipaza sauti kinakoroma."

Watu walicheka. Mama Duara hakurudia. Alishuka jukwaani, akapita katikati ya viti hadi safu ya mwisho, alipokuwa ameketi mama mnene aliyeukumbatia mkoba wake.

"Mama, nilikosea. Mume wako hakupindisha kitu."

"Nilijua tangu siku ya kwanza, mwanangu," alisema yule mama. "Huyu nimekaa naye miaka arobaini, hata mkate anaukata kwa rula. Wa kuambiwa si mimi. Ni watu wa pale mtaani."

"Basi twende."

Kikao kilipokwisha walikwenda kweli, wote wanne. Kwa fundi redio, jirani wa kwanza, Mama Duara alieleza eneo, mzingo, sufu na lesi, hadi mwenye nyumba akapiga miayo. Mdogo wake akamfinya mkono. Kufika mlango wa tatu alikuwa amejifunza kufupisha: "Nilimsingizia. Huyu ni mtu mwaminifu."

Nyumba ya nne ilikuwa ya jirani mwenye watoto wengi. Tangu gazeti litoke, mke wa mzee alisema, watoto hao walikuwa wakivuka barabara wakimwona mumewe, kwa amri ya mama yao. Jirani alisikiliza hadi mwisho, kitambaa cha vyombo begani. Kisha akageukia ndani akapaza sauti.

"Watoto! Njooni mmsalimie babu!"

Wakatoka wanne, mmoja nyuma ya mwingine, wa mwisho akiwa na kiatu kimoja.

"Shikamoo, babu."

Mzee Rula aliwaitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba, na kwa yule wa mwisho akainama, akamshika mkono, ndipo akaitikia.